Uzi: Kuhama Mombasa kwenda ng'ambo, maili za ndege uziweke mpango gani

KibokoniKwetu (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote.

Msimu wa vyuo na wa mikataba ya Ghuba ukifika, swali humu huwa lile lile: tiketi ya kuhamia ng'ambo imeshakatwa, nijiunge na mpango gani wa maili, yaani pointi ambazo mashirika humpa abiria azitumie kununulia tiketi? Wengi hujibiwa wajiunge na wa shirika wanaloondoka nalo. Kwa anayehama, jibu hilo mara nyingi ni hasara. Safari ya kuondoka ni moja tu. Zinazofuata ni za kuja likizo, huenda kwa shirika jingine kabisa, na pointi nyingi za mtu anayeishi ughaibuni hazitoki angani. Hutoka dukani na benki kule aliko.

Kwa hiyo jiulizeni mawili. La kwanza, nchi ninayokwenda inanipa njia gani ya kuongeza pointi bila kupanda ndege? La pili, pointi hizo zitaninunulia tiketi ya kuja mpaka uwanja wa Moi, Mombasa, au zitaniacha Nairobi?

Kabla ya hayo, tuelewane jambo moja linalowachanganya watu: shirika unalopanda na mpango unaoingiza maili ni vitu viwili. Mashirika yamejifunga katika miungano mitatu, na ndani ya muungano mmoja unaweza kupanda la huyu ukaandikiwa maili kwa yule. SkyTeam kuna Kenya Airways, KLM, Air France, Delta, Saudia, na Virgin Atlantic iliyoingia 2023. Star Alliance kuna Ethiopian, Turkish, Lufthansa, EgyptAir, United na Air Canada. Oneworld kuna Qatar, British Airways, American, na Oman Air iliyoingia 2025. Emirates hawamo katika muungano wowote. flydubai vilevile hawamo, ila maili zao huingia Skywards, mpango wa Emirates.

Mfano: ukipanda Kenya Airways si lazima uweke namba ya Asante Rewards, mpango wao wenyewe. Waweza kuweka Flying Blue ya Air France na KLM. Lakini safari moja huandikwa mahali pamoja tu, na ikishaingia haihamishiki.

Wanaotua Mombasa bila kukupitisha Nairobi ni wachache, na hao ndio wa kuanza kuwatazama: Ethiopian kupitia Addis Ababa, Turkish kupitia Istanbul, na flydubai kutoka Dubai walioanza 2024. Wa Ujerumani wana Discover Airlines ya kundi la Lufthansa kutoka Frankfurt, na hiyo huingiza Miles & More. KLM, Air France, British Airways, Qatar na Emirates hesabuni kwamba mtashukia Jomo Kenyatta, kisha mtafute kipande cha mwisho.

---

BintiKisauni

Shukrani kaka. Ninakwenda Uingereza mwezi wa tisa kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, na huenda nikabaki kufanya kazi. Tiketi ni ya Kenya Airways, Mombasa–Nairobi–Heathrow. Nimeambiwa nifungue Avios kwa kuwa ndizo zinazotumika sana kule. Je, safari hii itaingia? Na nikirudi kila mwaka nitafika lini ngazi ya fedha (Silver), ile hadhi wanayopewa wasafiri wa mara kwa mara?

---

KibokoniKwetu

Haitaingia dadangu. Avios ni pointi za upande wa Oneworld: British Airways, Iberia, Qatar, Finnair, pamoja na Aer Lingus ambao hawamo Oneworld lakini wanazitumia. Kenya Airways ni SkyTeam. Safari hii iingize Flying Blue au Virgin Atlantic Flying Club. Pointi za Virgin hazina tarehe ya kufa, na pointi za Clubcard, kadi ya maduka ya Tesco, hugeuzwa kuwa za Virgin. Za Flying Blue huishi miezi 24, na huongezewa uhai kila unapopanda shirika la muungano ukaandikiwa maili.

Kuhusu ngazi, tupige hesabu. Flying Blue hupima kwa XP, alama za kupandia ngazi ambazo si maili, na ngazi ya fedha ni XP 100 ndani ya mwaka wako mmoja wa uanachama. Kwa daraja la kawaida, kipande cha ndani ya nchi ni XP 2. Nairobi–Amsterdam, ambayo ni maili zaidi ya 4,000, ni XP 10. Ukienda na kurudi Mombasa–Nairobi–Amsterdam: 2 + 10 + 10 + 2, jumla 24. Nairobi–Heathrow iko katika kundi hilo hilo la umbali. Kwa safari moja ya likizo kwa mwaka huikaribii 100, na mwaka ukiisha hesabu huanza upya.

Ndiyo maana nasema ngazi isiwe kigezo kwa mwanafunzi wala kwa mfanyakazi anayekuja nyumbani mara moja kwa mwaka. Ngazi ni ya anayesafirishwa na kazi kila mwezi. Wewe tazama mambo matatu: pointi zinakufa vipi, zinaongezeka vipi nchi kavu, na tiketi ya maili ina kodi na tozo kiasi gani.

---

FundiWaTiketi

Niongeze ya upande wa tiketi, maana hapa ndipo maili nyingi zinapopotelea kabla abiria hajapanda ndege.

Kwanza, herufi ya daraja. Kwenye tiketi ya kielektroniki, karibu na namba ya ndege, kuna herufi moja: Y, M, Q, T na kadhalika. Wote mko daraja la kawaida na viti ni vile vile, lakini herufi ndiyo inayoamua unaandikiwa maili ngapi. Mpango wa shirika jingine unaweza kukupa asilimia 100 ya umbali kwa herufi moja, 25 kwa nyingine, na sufuri kwa ya tatu. Kabla ya kulipa, mwombe ejenti akutajie herufi, kisha fungua ukurasa wa mpango wako utafute jedwali la shirika hilo. Kwa mashirika mengi herufi G ni tiketi ya kikundi, na aghalabu haiingizi chochote. Tiketi zinazokatwa na mawakala wa ajira za Ghuba huwa za aina hii mara nyingi, kwa hiyo usitegemee maili kwenye safari ya kwanza ya mkataba.

Pili, mipango mingine haitazami umbali kabisa, hutazama pesa. Flying Blue kwa ndege za KLM na Air France zenyewe hukupa maili 4 kwa kila yuro ukiwa mwanachama wa ngazi ya chini, na yuro zinazohesabiwa ni nauli na tozo za shirika. Kodi za serikali hazimo. Tiketi ya yuro 800 ambayo 600 kati yake ni nauli na tozo itakupa maili 2,400. Kwa hiyo tiketi ya bei nafuu kwa KLM huandikiwa maili chache hata kama safari ni ndefu.

Tatu, jina. Watu wetu wana majina matatu, na fomu za mipango zina nafasi mbili. Fuata paspoti: lililo kwenye mstari wa jina la ukoo ndilo liende nafasi ya ukoo, yote mengine yaende nafasi ya majina ya kwanza. Tuseme paspoti inasema ukoo BAKARI, majina ALI OMAR. Tiketi itatoka BAKARI/ALIOMARMR, yameshikana, na hilo halina neno. Tatizo ni anayefungua akaunti kwa jina la Ali Omar kwa kuwa ndivyo anavyoitwa mtaani. Mashine haitalinganisha OMAR na BAKARI, na maili hazitaingia. Kina mama wanaobadilisha jina la paspoti baada ya ndoa wabadilishe na akaunti kabla ya tiketi inayofuata; hutakiwa kutuma nakala ya paspoti na cheti cha ndoa.

Nne, mwambie ejenti aingize namba yako ya uanachama pale pale anapokata. Kwenye nakala ya tiketi hujitokeza mbele ya herufi FQTV. Ukiikosa hapo, iweke wakati wa kujisajili kwa safari, kabla pasi ya kuabiri haijachapishwa.

---

MjombaLikoni

Na wanaokwenda Ghuba je? Humu mwongea Ulaya tu. Nina vijana wawili wanaondoka, mmoja Dubai mmoja Maskati.

---

KibokoniKwetu

Wa Dubai ni rahisi, mjomba. Afungue Skywards. Atapanda flydubai mpaka Mombasa moja kwa moja, au Emirates mpaka Nairobi, zote zikiingia akaunti moja. Afungue na kikundi cha familia ndani ya Skywards: mkuu wa familia huongeza hadi watu wanane, na kila mmoja huchangia maili zake kwenye chungu kimoja. Mke na watoto wakisafiri kumtembelea, maili zao zinaungana na zake badala ya kulala vipande vipande.

Ila Skywards zina umri. Kila maili huishi miaka mitatu kisha hufa, mwisho wa mwezi wa kuzaliwa wa mwenye akaunti. Kusafiri tena hakuziongezei uhai zile za zamani.

Hapa panahitaji kuelezwa vizuri. Kuna maili zinazokufa kwa kukaa bila kuguswa, na kuna zinazokufa kwa umri. Avios za British Airways na za Qatar hufa baada ya miezi 36 bila kuingiza wala kutumia chochote. Ukiingiza hata Avios moja, zote zinahuika. American ni hivyo hivyo kwa miezi 24, Aeroplan ya Air Canada miezi 18. Delta na United hazifi. Skywards, Miles&Smiles ya Turkish, na Miles & More kwa asiye na ngazi wala kadi yao ya benki, ni za umri.

Anayekuja nyumbani kila baada ya miaka miwili aepuke za umri asipokuwa na njia ya kuzikusanya haraka. Mombasa–Addis ni kama maili 900, Addis–London kama 3,680. Kwenda na kurudi ni takriban 9,160. Kwa herufi ya asilimia 25 utaandikiwa karibu 2,300. Safari mbili ndani ya miaka mitatu ni 4,600, na kwa kiasi hicho hupati tiketi ya mabara. Zinakufa hukuzigusa.

Wa Maskati: Oman Air imo Oneworld, na Qatar ina ndege Maskati–Doha na Doha–Nairobi. Afungue Privilege Club ya Qatar, akusanye Avios humo. Hata akihamia Uingereza baadaye hatapoteza kitu.

---

NyaliMpya

Hilo la kutopoteza kitu lina masharti. Avios huhamishwa bure kati ya akaunti ya Qatar na ya British Airways, lakini ni lazima akaunti zote mbili ziwe na jina, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe sawasawa. Jina likitofautiana kwa herufi moja, kuziunganisha akaunti kunakataa. Tumieni barua pepe moja ya kudumu. Msitumie ya chuo wala ya kazini, maana mkataba ukiisha nayo hufungwa.

Na BintiKisauni, kwa kuwa wewe ni mwanafunzi, itazame Student Club ya Qatar kwa safari za baadaye. Ni bure, unajiunga ukiwa ndani ya Privilege Club, na hutoa punguzo la nauli pamoja na mzigo wa ziada. Lazima ukate kwenye tovuti yao wenyewe kwa namba ya punguzo waliyokupa. Kwa ejenti haifanyi kazi.

---

BintiKisauni

Shukrani sana. Basi Avios bado zina maana kwangu nikishafika? Nasikia kodi ya kutoka London hufanya tiketi ya maili isiwe na faida.

---

KibokoniKwetu

Zina maana kama umepiga hesabu, na hesabu yenyewe ni nyepesi.

Pale Uingereza pointi za Nectar, ambazo watu hupata wakinunua Sainsbury's, hugeuzwa: Nectar 400 ni Avios 250. Nectar 400 hizo dukani ni pauni 2 taslimu. Maana yake kila Avios imekugharimu peni 0.8. Sasa tuseme tiketi ya Nairobi kwa pesa ni pauni 700, na kwa maili ni Avios 50,000 pamoja na pauni 250 za kodi na tozo. Toa 250 kwenye 700, inabaki 450. Gawa kwa 50,000: peni 0.9 kwa kila Avios. Faida ipo, lakini ni nyembamba. Pauni 700 zikishuka zikawa 600, Avios inakulipa peni 0.7, na hapo bora Nectar zako zinunue mchele.

Fanyeni hesabu hii kila mara: bei ya pesa, toa kodi za tiketi ya maili, gawa kwa idadi ya maili. Msimu wa Desemba na likizo za Agosti nauli hupanda sana, na hapo ndipo maili zinapolipa, ukipata nafasi. Nafasi hizo hutafutwa miezi mingi kabla.

Kodi ya Uingereza hutozwa kwa safari inayoanzia Uingereza. Ukitoka Nairobi kwenda London huilipi. Kwa hiyo mkiwa na maili za upande mmoja tu, linganisheni pande zote mbili: mara nyingi maili hufaa zaidi kwa kipande cha kutoka Kenya. Watoto chini ya miaka 16 katika daraja la kawaida hawatozwi kodi hii. Hakikisha umri wao umeandikwa sawa kwenye tiketi.

Pia kuna tozo ya shirika lenyewe, ambayo si ya serikali, na hiyo inategemea mpango uliotumia kukatia tiketi. United na Aeroplan hazikutozi tozo hiyo kwenye tiketi za maili. Wa Marekani na Kanada, nazungumza nanyi hapa: Ethiopian anatua Toronto na Washington, anaunganisha Addis, anashuka Mombasa. Ukikata safari hiyo kwa maili za United au Aeroplan unalipa kodi za viwanja na za serikali, na kwa Aeroplan huongezwa ada ya dola 39 za Kanada kwa tiketi ya shirika mshirika. Kwa mtu wa Pwani anayeishi Toronto sioni mpango unaoishinda Aeroplan, mradi akumbuke ile miezi 18.

---

FundiWaTiketi

Nakubaliana kuhusu Toronto. Ila kipande cha Mombasa–Nairobi kisisahauliwe kwa wale wa Qatar, Emirates na British Airways. Watu hupata tiketi ya maili mpaka Nairobi, kisha hununua Jambojet au Madaraka Express mbali mbali kuokoa pesa. Jambojet ni ya Kenya Airways lakini yenyewe si mwanachama wa SkyTeam. Na tiketi mbili ni mikataba miwili: ndege kubwa ikichelewa, ile ndogo haikungoji na halazimiki mtu kukukatia nyingine. Mzigo nao hupimwa upya kwa sheria za ile ndogo. Uliyeruhusiwa mabegi mawili ya kilo 23 kutoka Doha utalipia ziada pale Nairobi.

Mkitaka usalama, kipande cha Mombasa kiwe ndani ya tiketi ile ile, namba moja ya tiketi. Mkishindwa, acheni saa za kutosha, na wakati wa kuondoka nchini fikeni Nairobi jana yake. Treni hushusha Syokimau, si uwanja wa ndege. Ongezeni muda wa gari.

---

NyaliMpya

Kabla ya kuondoka, badilisheni pia njia ya kupokea namba za siri. Akaunti nyingi hutuma ujumbe kwa simu kabla ya kukuruhusu kutumia maili. Laini ya Kenya ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba yaweza kugawiwa mtu mwingine. Hamisheni uthibitisho uende kwa barua pepe mkiwa bado Mombasa na laini inafanya kazi. Mkipata namba ya kule, badilisheni simu, kisha anwani. Msibadilishe vyote siku moja pamoja na barua pepe, akaunti inaweza kufungwa kwa kushukiwa wizi.

Na kadi za benki: mgeni hana historia ya mikopo katika nchi mpya, kwa hiyo kadi ya mkopo yenye maili huenda akanyimwa mwanzoni. Kuomba mara nyingi mfululizo humharibia zaidi. Mwaka wa kwanza atumie njia za dukani, alipe bili zake kwa jina lake, kadi aombe baadaye.

---

MjombaLikoni

Swali la mwisho kutoka kwangu. Binti yangu aliruka Turkish kutoka hapa wiki tatu zilizopita, namba aliweka, maili hazijaonekana. Pasi anazo.

---

FundiWaTiketi

Wiki tatu zinatosha kusubiri, mjomba, sasa adai. Apige picha pasi zote za kuabiri, kila kipande na yake: Mombasa–Istanbul na ile ya baada ya Istanbul. Kisha atafute namba ya tiketi, tarakimu 13. Isichanganywe na ile namba fupi ya herufi sita ya kuhifadhi nafasi. Tarakimu tatu za mwanzo humtaja aliyetoa tiketi: 235 ni Turkish, 071 Ethiopian, 706 Kenya Airways, 157 Qatar, 176 Emirates, 074 KLM, 125 British Airways.

Aingie kwenye akaunti ya mpango alioweka, sehemu ya kudai maili zilizokosekana, aandike namba ya tiketi, namba ya ndege na tarehe. Kila kipande hudaiwa peke yake. Kabla ya kutuma alinganishe jina la akaunti na la tiketi herufi kwa herufi. Likitofautiana, arekebishe akaunti kwanza, la sivyo dai litarudishwa. Aangalie na herufi ya daraja kwenye jedwali, maana ikiwa ni ya sufuri hakuna cha kudai. Mipango mingi hupokea madai ndani ya miezi sita tangu siku ya kuruka, kwa hiyo asizitupe pasi hizo mpaka aone maili zote zimeingia.